Simon Snow Kwenye Karasha la Nyarugusu

Juzi, kwenye karasha moja la kusaga mawe ya dhahabu pale Nyarugusu, mkoani Geita, nilizomewa na watu waliojaa vumbi hadi kwenye kope, na kisa ni msichana wa Nebraska.

Nilikuwa nimekalia mifuko yetu ya mawe. Mawe ya dhahabu hayaachwi peke yake. Ukienda kujisaidia, ukirudi yamepungua uzito. Foleni haisogei, nikafungua Fangirl, riwaya ya Rainbow Rowell ya mwaka 2013. Nikafika pale Cath, huyo msichana wa Nebraska, mwaka wa kwanza chuoni, anapojifungia chumbani na siagi yake ya karanga kwa kuogopa bwalo, maana hajui foleni inaanzia wapi. Nikacheka kwa sauti.

"Dada, tusimulie na sisi," akasema kijana wa injini.

Nikasimulia. Cath ana pacha, Wren, aliyekataa kulala naye chumba kimoja. Wakaguna kwa huruma. Chakula cha bwaloni kimeshalipiwa, ila Cath haendi. Huruma ikaisha, kwetu mwanachuo hushinda njaa kwa sababu boom, ile fedha ya mkopo, limechelewa, si kwa aibu. Usiku, nikaendelea, anaandika visa vya Simon Snow, mchawi kijana wa kwenye vitabu vya mtu mwingine, na maelfu wanavisoma.

"Huyo Simon anakaa wapi?" akauliza mama lishe.

"Hayupo, mayu. Ni wa kitabuni."

"Basi tuazime hicho kitabu chake."

"Nacho hakipo. Kimo ndani ya hiki."

Ndipo wakanizomea. Aliyepiga miluzi kuliko wote alivaa jezi ya Yanga, na kwa maneno yake mwenyewe, timu ikifungwa hali wala hasemi na mkewe, kwa ajili ya wanaume kumi na mmoja wasiolijua hata jina lake.

Nikaamua kuwaeleza kwa kutumia karasha lenyewe, na hapo nikanogewa. Mawe yanapondwa kwa nyundo, yanaingia kwenye dramu lenye golori za chuma, injini ya dizeli inalizungusha hadi yanakuwa unga. Unga unateremshwa na maji juu ya mwalo, ubao ulioinama uliotandikwa blanketi. Dhahabu, kwa uzito wake, inanasa kwenye manyoya, mchanga unapita. Blanketi zinasuuzwa kwenye beseni, inamiminwa zebaki, inaikumbatia dhahabu, inakamuliwa kwa kitambaa. Kinabaki kidonge cheupe, kinachomwa, na ule moshi tunauvuta sote bila mchango wa harusi. Lakini mchanga uliopita, yale marudio, bado una dhahabu, mara nyingi zaidi ya nusu. Ukilowekwa kwenye matangi ya sayanaidi, inatoka.

"Cath anachenjua marudio," nikawaambia. "Mwenye Simon ameshachukua chake mwaloni, binti anatoa kilichobaki. Profesa wake akauita wizi, akampa F. Lakini Rowell mwenyewe akaurudia mchanga huohuo: mwaka 2015 akatoa Carry On, riwaya nzima ya Simon."

Wakanyamaza. Nikadhani nimeshinda.

"Sasa hayo marudio ya binti," akauliza mzee mmoja, "kachukua nani?"

Swali hilo lilinivunja nguvu, kwa sababu pale marudio ni ya mwenye karasha. Wewe umeshuka duarani, shimo la mgodi, kwa kamba, umepanda na kikohozi, umeambulia kidonge cha kulipia dizeli. Yeye anabaki na lundo nyuma ya uzio, analiuza kwa wenye matangi. Hakuna karatasi uliyosaini. Ukiuliza unaambiwa ndio utaratibu. Malundo hayo yamejenga maghorofa, na waliochimba mawe yake wamepanga chumba kimoja watu wanne. Binti wa watu anaongeza ukurasa wake wa uchawi, anaitwa mwizi. Mwenye karasha na lundo lake anaitwa bosi, anapewa kiti cha mbele harusini.

Nilipoondoka, kwenye basi la Kahama, jirani yangu alisoma begani kwangu na kunizuia nisifunue ukurasa, hajamaliza. Shinyanga mjini umeme ulikatika pale kitabuni kijana Levi akiwa mlangoni kwa Cath, na mhudumu wa nyumba ya wageni akaniuzia mshumaa kwa bei ya kilo ya sukari.