Ombi la Kupewa Cheo cha Gunia

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,
Entreprise Générale du Cobalt (EGC)

Mheshimiwa,

Nawaombea wachimbaji wadogo wa Kolwezi kibali cha kusajiliwa kama magunia. Usilione ombi hili kuwa utani. Limetokana na hesabu. Novemba 2025 shirika lako lilionyesha tani 1,000 za kwanza za kobalti ya wachimbaji wadogo ambayo asili yake inafuatilika. Gunia sasa lina kwao. Aliyelijaza ni raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi iliyofanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984, na kitambulisho chake, akibahatika kuwa nacho, ni kadi ya mpiga kura. Katika mageuzi haya ya ufuatiliaji wa kidijitali mzigo umemtangulia mwenye mzigo, na viongozi wetu wanaita hilo usimamizi wa watu.

Utanijibu kwamba bila ufuatiliaji wanunuzi wa ng'ambo wataikataa kobalti yetu, wakihofia kuwa imechimbwa na watoto. Silibishi hilo. Tena kupima madini kwa jicho, kama zamani, hakukuwa na haki yoyote, maana jicho lenyewe lilikuwa la mnunuzi. Lakini hebu tuingie depo ya kununulia madini. Mchimbaji anatua gunia, mnunuzi anachota mawe kidogo na kuyaelekezea Metorex, chombo cha kupima kiwango cha kobalti kinachoshikwa kama bastola. Kioo kinamtazama aliyeshika mpini. Mchimbaji anatazama mdomo wa bastola. Anaambiwa asilimia mbili, basi ni mbili. Amnesty International iliandika tangu 2016 kwamba wauzaji hawa hawakuwa na njia yao huru ya kuhakikisha kipimo. Hiyo ni mizani ya zamani iliyotiwa betri.

Hapo ndipo jambo linapokuhusu wewe hasa. Amri ya mwaka 2019 iliipa EGC haki ya pekee ya kununua kobalti ya wachimbaji wadogo. Kwa sasa anayepunjwa kwenye depo moja angalau anaweza kubeba gunia lake akajaribu depo ya jirani. Miguu yake ndiyo mahakama yake ya rufaa. Mnunuzi akibaki mmoja, na kipimo kikawa chake, rufaa itapelekwa wapi? Kadiri mfumo unavyozidi kuwa wa kisasa na wa mkono mmoja, ndivyo anayeuza anavyozidi kuhitaji macho yake mwenyewe. Usiniambie kooperativu zipo. Sheria ya madini ya 2018 inazitaka, najua, ila kooperativu inayoshikwa na mkubwa asiyewahi kuingia shimoni ni mnunuzi mwingine aliyevaa kofia ya mchimbaji.

Kwa hiyo, iwapo cheo cha gunia kitaonekana kikubwa mno kwa binadamu, wapewe vidogo. Kila kituo kiwe na mashine ya pili mikononi mwa mtu waliyemchagua wachimbaji wenyewe. Kila mauzo yawe na risiti ya kilo, asilimia na bei ya siku. Na pawe na ofisa mwenye jina na kiti, wa kulalamikiwa ana kwa ana badala ya kupitia programu ya simu, kwa maana programu haioni haya.

Najua pia jibu la mwisho: bajeti. Basi kioo kigeuzwe. Kwa hilo hahitajiki fundi wala dola. Anayepima akunje tu kiwiko.