Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Umeme Haujasoma Waraka Wako

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: UTEKELEZAJI WA WARAKA WA "HEWANI SAA 24 BILA KUKOSA"

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakupongeza. Tangu waraka wako ubandikwe mlangoni mwa chumba cha mitambo, mafundi tumeutii kifungu kwa kifungu. Anayekaidi ni umeme peke yake, nami sina cheo cha kumwandikia barua ya kujieleza.

Kifungu cha kwanza: mtambo wa kurushia matangazo usizimwe kwa sababu ya ukaguzi. Ile swichi ya mlango, inayokata umeme mkubwa kabati likifunguliwa tu, ilikuwa inakatiza salamu za wasikilizaji. Uliagiza ifungwe waya isifanye kazi, ikafungwa. Sasa fundi anachungulia valvu huku muziki unaendelea, na kati ya pua yake na volti 8,000 hakuna tena kizuizi cha kuwaudhi wadhamini wa kipindi.

Kifungu cha pili: zamu iwe na fundi mmoja. Ulisema fundi wa pili "anasimama tu". Ni kweli kabisa. Alikuwa anasimama karibu na swichi kuu, mikono mitupu, akimwangalia mwenzake. Kazi yake ilikuwa kukata umeme mwenzake akinasa, kisha kumkandamiza kifua huku akiita msaada. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kunasa, hakuzalisha chochote. Sasa anauza matangazo.

Kifungu cha tatu: kubana matumizi. Tuliomba fimbo ya kumwagia chaji ya kapasita, yenye mpini usiopitisha umeme, ndoano ya shaba na waya mnene wa ethi. Uhasibu ukajibu kwamba fimbo zimejaa porini. Naomba nimtetee mhasibu: hajawahi kukutana na kapasita. Ukizima mtambo, taa zinazimika, feni zinanyamaza, lakini kapasita inabaki na chake. Kuna rizista ya kuimwaga taratibu, ila rizista nayo huungua bila kuaga. Kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye volti 8,000 inahifadhi jouli 320. Mashine ya hospitali ya kushtua moyo huweza kutumia nishati ya kiasi kama hicho, tofauti ni kwamba yenyewe hupewa mtu ambaye moyo wake umeshaharibika. Tena kapasita ukishaimwaga inaweza kujirudishia chaji kidogo kutoka ndani ya kihami chake, ndiyo maana fimbo huachwa imening'inia hapo mpaka kazi iishe. Mti wa porini hauna adabu hiyo.

Kifungu cha nne: jenereta ijiwashe yenyewe gridi ikikatika. Hongera. Fundi anayetumia mwanya wa mgao wa umeme kufungua kabati sasa ana sekunde chache za kufikiria maisha yake. Kufuli moja kwenye swichi ya mtambo, ufunguo ukiwa mfukoni mwa yule aliyeingiza mikono ndani, ingetosha. Lakini kufuli zimekwenda kwenye friji ya ofisi.

Kuhusu hitilafu ya mvua iliyopita, uliuliza kwa nini sikuitafuta kwa mita yangu ya mkononi. Mita hiyo imeandikwa mwisho volti 1,000. Kuichomeka kwenye 8,000 ni kuomba ilipuke kiganjani. Hitilafu hutafutwa kwa kusoma mita za kabatini na daftari la kila siku, kuona ni hatua gani ya mtambo iliyojikata. Kisha mtambo unazimwa, mnara unatenganishwa, halafu mzigo bandia unaunganishwa mahali pake. Ukiwashwa tena na kwenda vizuri, ugonjwa uko kwenye kebo au mnara. Mzigo bandia tuliuomba. Tukaambiwa kituo kina mzigo wa kutosha wa madeni.

Pamoja na ukata huu, Mheshimiwa, fungu moja halijawahi kukauka: rambirambi. Ofisi inayokosa pesa ya fimbo hupata basi la kwenda msibani, fulana zenye picha ya marehemu na shada kubwa, yote kabla ya saa sita mchana. Hata kituo kitazimwa kwa heshima. Kwa hiyo muda wa kuzima mtambo upo, unasubiri tu sababu nzito.

Naomba sababu nyepesi: muda wa saa mbili kila wiki, usiku wa manane, mafundi wawili, fimbo, kufuli, na waya utolewe kwenye swichi ya mlango. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka unilinde nikiwa kazini. Ukiona maombi haya ni makubwa, basi karibu uje ushike nafasi ya yule anayesimama tu.

Naomba kuwasilisha.

Fundi Mitambo, zamu ya usiku

Nakala: Mhasibu, achague kati ya bei ya fimbo na bei ya shada.