Namna ya Kukata Bima na Bado Ukalipa Mwenyewe

Umefungua mgahawa Sinza, biashara imechanganya, na sasa umepata zabuni ya kulisha wafanyakazi wa kampuni moja kubwa mjini. Kwenye masharti wameandika kwamba lazima uwe na bima ya dhima kwa umma. Usihangaike kuuliza ni kitu gani. Mpigie wakala, mwambie unataka ya bei ya chini kuliko zote, na unaitaka kabla ya saa kumi jioni. Atakutumia fomu ya maombi kwa WhatsApp. Mwache aijaze yeye, wewe weka sahihi tu. Palipoulizwa kama mnapikia gesi ataandika hapana, kwa kuwa hapana ni nafuu. Palipoulizwa kama uliwahi kudaiwa fidia na mteja, hapana tena. Sahihi ni yako, si yake, na kampuni ya bima ikigundua kuwa ulificha jambo la msingi inaweza kuukana mkataba mzima. Lakini hayo ni ya baadaye; leo umeokoa shilingi 70,000.

Hati ikifika, toa nakala yake kwa ajili ya zabuni, kisha yenyewe itie kwenye fremu uitundike kando ya leseni ya biashara. Fremu ina faida kubwa: inaonyesha ukurasa wa kwanza peke yake. Kurasa za nyuma ndizo zenye orodha ya yasiyolipwa, na zinaweza kukuharibia siku. Humo ungekuta kwamba bima hii inalipa watu wengine ambao biashara yako imewaumiza au kuwaharibia mali. Friji lako likiungua, hilo ni la bima ya moto. Mpishi akijikata kidole, huyo ni wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kijana wa bodaboda akigonga mtu wakati anapeleka chipsi, tafuta bima ya pikipiki. Na wateja wakiharishwa na samaki aliyelala? Mara nyingi sumu ya chakula haimo mpaka uiombe na kuilipia nyongeza. Kwa hiyo mtu anaweza kuendesha mgahawa mwaka mzima akiwa amekingwa na kila balaa isipokuwa chakula chake.

Kampuni nazo si malaika. Hati nyingi huandikwa kwa Kiingereza kizito, kisha anapewa mama lishe aliyekua na kuwa mwenye mgahawa, asaini akiwa amesimama kaunta. Ila kizito au chepesi, mahakamani kinasomwa kama kilivyo.

Sasa ajali. Ijumaa, saa saba mchana, watu wanatoka msikitini na foleni imefika mlangoni. Dada wa usafi amepiga deki, vigae bado vina povu, na kile kibao cha njano cha tahadhari kiko stoo kwa sababu ulisema kinaziba njia. Anaingia mama mtu mzima, mguu unaenda mbele, nyonga inavunjika. Mkimbize hospitali, hilo fanya haraka, hakuna kampuni itakayokulaumu. Mpe pole, mshike mkono. Usiishie hapo. Wanawe wakifika, tangaza mbele yao kwamba kosa ni lako na kwamba upasuaji, dawa na nauli ni juu yako mpaka atembee. Ukitaka kazi iwe safi zaidi, liandike jambo hilo, tia sahihi, na mjumbe wa nyumba kumi awe shahidi. Ukurasa wa nyuma unakukataza kukiri kosa, kuahidi malipo au kupatana na mdai kabla kampuni haijakubali. Anayelipa anataka kukaa yeye mezani. Wewe umeshakaa mahali pake, basi na bili ni yako.

Baada ya hapo, nyamaza kimya. Usiipe kampuni taarifa, kwa sababu familia ile ni waungwana na mambo yataisha kwa uji na kuku wa kumpelekea mgonjwa. Baada ya miezi minane itakuja barua ya wakili yenye dai la milioni 35. Iweke kwenye droo. Wito wa mahakama ukija, tafuta wakili wako na umlipe mwenyewe. Kwa bima hii, pengine kitu cha thamani kubwa kuliko vyote ni huyo wakili: kampuni ikiarifiwa mapema, kwa kawaida ndiyo inayoendesha utetezi na kubeba gharama zake. Ukichelewa, umeitua mzigo.

Tuseme kampuni imekubali kulipa hata hivyo. Bado kuna ukomo. Ulitaka ya bei ya chini, ukapewa ya milioni 20 kwa tukio moja. Mahakama ikiamua 35, kampuni itasimama kwenye 20 na zile 15 zitakufuata nyumbani. Madai madogo nayo, kama gauni lililomwagiwa supu, hayavuki kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe.

Ukikasirika, ingia kwenye kundi la wafanyabiashara uandike kwamba bima ni wizi. Usiende kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, wala kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huko wataulizia fomu, hati na tarehe uliyotoa taarifa.

Mwaka ukiisha, vua hati ya zamani kwenye fremu uitupe. Mikataba mingi ya namna hii hujibu tukio lililotokea ndani ya mwaka wake, hata dai lije baadaye, na Sheria ya Ukomo ya Tanzania inampa aliyeumia kwa uzembe wa mwingine miaka 3 ya kufungua shauri.