Jirani wa Juu Hana Kosa

Ukipanga ghorofani, dari yako ni sakafu ya mtu. Hilo mkataba hausemi. Mkataba unataja kodi, unakataza kupigilia misumari ukutani, unaonya kuhusu kufuga mbuzi, lakini haumwambii mpangaji wa ghorofa ya tatu kwamba atasikia kila kinachoangushwa, kinachoburutwa na kinachotwangwa kwenye ghorofa ya nne. Hasa kinachotwangwa.

Jengo letu liko Kinondoni, Dar es Salaam, na lina ngazi moja tu ya kupandia, kwa hiyo hakuna namna ya kumkwepa mtu. Juu yangu anaishi mama mmoja mtu mzima, mstaafu, mcheshi, mswalihina, mwenye kinu. Si kile kinu kidogo cha kupondea kitunguu saumu. Ni kinu cha mti, kirefu, alichohama nacho kutoka Morogoro akaacha kabati. Kwake yeye kisamvu cha mashine, kile kinachouzwa sokoni kikiwa kimeshasagwa na kufungwa kwenye vifuko, si mboga, ni majani ya kuwahadaa watu wa mjini. Anatwanga mwenyewe. Na anatwanga alfajiri, kwa sababu mchana kuna joto. Hoja ya joto siwezi kuipinga. Nami naishi Dar es Salaam hiyo hiyo.

Mchi ukitua, taa ya chumbani kwetu inacheza, bilauri za kabatini zinaitikia, na vumbi la chokaa linatushukia usoni. Mwanangu mdogo, aliyezaliwa humu humu, hashtuki. Anashtuka siku ambayo hakutwangwi. Analia, tunambembeleza, na mke wangu ananitazama kana kwamba mimi ndiye ningepaswa kutwanga.

Ubaya ni kwamba hata sayansi iko upande wa yule mama. Majani mabichi ya muhogo yana sianidi, na kinachoiondoa ni kuyatwanga barabara na kuyachemsha muda mrefu. Maana yake kila kishindo kinachonirusha kitandani kinamwepusha mtu na sumu. Na mtu huyo, kama utakavyoona, mara nyingi ni mimi.

Jumapili moja jioni nikapanda kwenda kulisema jambo hili. Maneno nilikuwa nimeyapanga: machache, ya heshima, yenye uzito. Lakini kwetu pwani lawama haiingii ndani ya nyumba mpaka salamu ziishe, na yule mama salamu zake haziishi.

"Hodi."

"Karibu baba, karibu ndani. Vua viatu tu, usihangaike na mlango."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo huko chini?"

"Hatujambo."

"Watoto?"

"Wazima."

"Mama yao?"

"Mzima, anakusalimu."

"Na mama yako mdogo, miguu inaendeleaje?"

Miguu ya mama mdogo! Niliitaja kwa kupitisha tu siku moja tukipishana ngazini, naye kaihifadhi. Sasa niambie, mtu aliyekuulizia miguu ya mama yako mdogo unamshitaki vipi? Nikajikaza. Nikasema, mama, kuna kajambo kadogo, kuna ile mishindo, alfajiri, labda si kitu, ila mtoto…

Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa.

"Afadhali umesema wewe, baba. Hata mimi wananikera. Watu wa juu siku hizi hawana ustaarabu."

Juu yake kuna tangi la maji na kunguru.

Nikashuka nikiwa nimebeba bakuli la kisamvu cha nazi na karanga. Kilikuwa kitamu, sina budi kusema ukweli. Na hapo ndipo nilipokwisha, maana bakuli la jirani halirudi tupu. Mke wangu akalirudisha na maandazi. Likashuka na mbaazi. Likapanda na nusu ya papai. Hadi leo kati ya ghorofa ya tatu na ya nne linazunguka bakuli moja la bluu ambalo hakuna anayekumbuka lilikuwa la nani, na kila nikipata hasira za kupanda kulalamika, zamu inakuwa ni yangu kulirudisha. Mtu mwenye bakuli mkononi hawezi kugomba. Akibisha hodi, watu wanadhani amekuja kuomba chumvi.

Mke wangu ni mtu wa Tanga, naye alisema wanaume hatujui kusema na jirani. Akaenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga, akarudi na doti moja nyekundu yenye jina lisilohitaji mkalimani: NILIKUDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Akaianika kwenye kibaraza, upande wa ngazi, maandishi yakitazama wapandao. Kanga mpya kabisa, haijaguswa na maji, lakini ilianikwa juma zima.

Jengo lote likaisoma. Mpangaji wa ghorofa ya kwanza alinisimamisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kwangu kuna amani. Msichana wa fleti ya pembeni, ambaye hatuna ugomvi naye, aliacha kutusalimu kwa sababu alidhani inamhusu yeye. Na nikikumbuka anavyoacha maganda ya ndizi ngazini, hakukosea sana. Mlengwa mwenyewe alinyamaza siku mbili tatu. Kisha asubuhi moja tukaona giza dirishani. Kanga ya kijani ilikuwa imeshushwa kutoka juu, imetufunika kioo chote, inachuruzika maji juu ya maua yetu: HASIDI HANA SABABU.

Mimi nilitaka tuishie hapo. Mke wangu alitaka kurudi Kariakoo. Bajeti ya kanga ikaanza kushindana na ya mchele. Kabla hatujafilisika, yule mama akashuka, akagonga, akapokea shikamoo yake, na akasema ameipenda sana rangi ya ile nyekundu, je, inapatikana wapi? Doti ina kanga mbili. Mke wangu, ambaye juma zima alikuwa akiapa kwamba hatamtazama usoni, akakata doti akampa moja. Arusi iliyofuata hapo mtaani walikwenda wamezivaa zote mbili, wanafanana chapa. Vita vikaisha kwa sare. Mchi haukuisha.

Usinishauri habari za sheria. Ninazijua. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zikatungwa kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo. Nilipoliona hilo neno mitetemo nilifurahi nikadhani aliyeziandika aliwahi kulala chumbani kwangu. Nikaenda kwa mjumbe wetu. Akanisikiliza vizuri, akaniuliza: amekutukana? Hapana. Amekupiga? Hapana. Anapika nini? Kisamvu. Anakuleteeni? Nikanyamaza. Mjumbe akafunga daftari.

Wengine humu jengoni hawastahili maelezo marefu, kwa kuwa hata bakuli hawaleti. Kuna kijana wa ghorofa ya pili anayeosha gari kila Jumapili kwa kusindikizwa na singeli. Muziki wenyewe ni mali yetu, umezaliwa uswahilini hapa hapa Dar es Salaam, lakini ule mwendo wake si wa mtu anayetafuta usingizi wa mchana. Kuna bwana wa chini kabisa aliyefunga mota kwenye bomba la wote. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao wa maji, sisi wa juu tulifungua bomba likatoka pumzi, ilhali yeye alikuwa akimwagilia mchicha. Nilipomuuliza alinipa fungu la mchicha. Nadhani unaanza kuuona utaratibu wa jengo letu.

Halafu kuna kundi la WhatsApp. Lilianzishwa kwa ajili ya mambo ya jengo: taka, ulinzi, taa za ngazini. Siku niliyoandika kwamba kuna mtu anaacha mfuko wa nepi zilizotumika mlangoni kwa watu, nilijibiwa ndani ya dakika moja: "Asante kwa taarifa jirani, Mungu akubariki, tabia hii si nzuri." Aliyeandika ni mwenye nepi. Ndiye pekee mwenye mtoto wa umri ule katika jengo zima. Zikafuata picha za mawaridi za kutakiana Jumatatu njema, watu wakaitikia Amina, na nepi zikabaki mlangoni mpaka gari la taka lilipokuja.

Watu wananiuliza, kwa nini usihame? Hao ni watu wenye nyumba zao. Sisi wapangaji wa Dar es Salaam kodi hatulipi kwa mwezi, tunalipa miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Dalali naye anataka ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo anataka hela ya kukuonyesha nyumba hata usipoipenda. Ukishalipa, umefungwa. Ukigundua siku ya pili kwamba juu yako kuna kinu, umebakiwa na miezi mitano na ushei ya kuzoea. Na dalali ni mjanja kuliko sisi: nyumba anakuonyesha saa tano asubuhi, katikati ya juma, watu wote wakiwa makazini na kinu kimeegeshwa ukutani. Wetu alisimama sebuleni, akanyanyua kidole, akasema, "Sikiliza." Tukasikiliza. Kimya. Tukalipa.

Lakini yote haya, kinu, mota, nepi, nayasamehe. Nisiyemsamehe ni bwana wa mlango unaotazamana na wangu. Hana kelele hata kidogo. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba alifunga mita moja ya LUKU kwa milango miwili, wangu na wake, na makubaliano ni kununua umeme kwa zamu. Zamani tuliishi vizuri. Ndipo ilipofika Agosti 2021, kodi ya majengo ikaanza kukatwa kupitia LUKU. Kwa majengo ya ghorofa ilianza na shilingi 5,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapanda hadi 7,500. Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye jengo, na mpangaji anaruhusiwa kumdai amrudishie. Nilimdai wetu. Akasema tutaelewana. Hilo ndilo jibu analolitoa pia kuhusu bomba la choo.

Sasa angalia kazi inavyofanyika. Makato yanamwangukia anayenunua wa kwanza katika mwezi mpya. Wa pili ananunua kwa raha zake, uniti kamili. Kwa hiyo kuanzia tarehe 25 jirani yangu hubadilika. Bwana huyu msomi, mwenye suti, mwenye kutoa salamu kwa sauti ya mtangazaji wa redio, huanza kuzima taa. Mimi nazima zaidi. Yeye analisha familia yake viporo baridi. Mimi nasema friji linahitaji kupumzika. Mita ikianza kulia ile pii, pii, pii ya kuishiwa, milango yote miwili hujifanya haina masikio. Tunakutana koridoni gizani, kila mmoja na tochi ya simu.

"Jirani, umeme vipi?"

"Sijui jirani, nadhani ni Tanesco."

Ni Tanesco gani, na taa za ngazini zinawaka, na mchi wa juu unakwenda chini ya taa ya nguvu? Tunajua sote wawili. Tunaagana kwa heshima, kila mmoja anarudi kukaa na familia yake gizani kungoja mwenzake aumie. Mke wangu anasema shilingi 7,500 hazifikii thamani ya nyama inayotuharibikia kwenye friji. Mke wangu haelewi kwamba jambo hili limeshavuka hesabu.

Mwezi uliopita alinizidi ujanja kwa kusafiri. Tarehe 30 ya mwezi wa kabla yake akaenda Dodoma na familia, akarudi tarehe 3, akakuta umeme umejaa, akafungua mlango na kupiga pasi suti zake zote. Nilihesabu kupitia ukuta.

Jirani, najua gazeti hili unalisoma, kwa sababu huwa unalichukua mlangoni kwangu kabla sijaamka. Leo ni tarehe mosi, mita inalia, na mwezi uliopita nilinunua mimi.