Kalamu Nyekundu na Msahihishaji

(Usiku, ofisini kwa mhadhiri mmoja nchini Marekani. Mwenyewe amekwenda kulala.)

PROGRAMU: Shikamoo, bibi.

KALAMU: Marahaba. Insha zote zile umezisoma saa ngapi?

PROGRAMU: Nani kasoma? Nimesahihisha.

KALAMU: Na alama umezitoa wapi?

PROGRAMU: Nahesabu. Urefu wa insha, urefu wa maneno, mikato, viunganishi. Babu yetu alianza hivyo hivyo, mashine ya Ellis Page, Chuo Kikuu cha Connecticut, miaka ya 1960. Anapewa insha zilizokwisha kusahihishwa na walimu, anatafuta vipimo vinavyopanda na kushuka pamoja na alama zao. Basi. Na tulikubalika! Mwaka 1999 ndugu yangu e-rater aliajiriwa kusahihisha insha za GMAT, mtihani wa wanaoomba kusomea biashara.

KALAMU: Akiwa na msahihishaji binadamu kando yake. Hilo umelimeza. Na Les Perelman wa chuo cha MIT, yule mpinzani wenu?

PROGRAMU: Yule ana chuki binafsi.

KALAMU: Mwaka 2014 yeye na wanafunzi walitengeneza Babel. Unaipa maneno matatu, inakutolea insha nzima isiyo na kichwa wala miguu. Mkaipa alama za juu.

PROGRAMU: Ilikuwa na maneno mazito, bibi! Ungeyaona!

KALAMU: Anasema hata mtu akiandika kwamba Vita vya 1812, vya Marekani na Uingereza, vilianza 1945, nyie hamshtuki.

PROGRAMU: Sarufi ikiwa safi, nishtuke nini? Tarehe si idara yangu.

KALAMU: Na hoja?

PROGRAMU: Hoja ina urefu gani?

KALAMU: Lahaula!

PROGRAMU: Usinicheke. Wewe, insha ya themanini, saa nane za usiku, ulikuwa unasoma? Nimeona umeandika «fafanua» kwa watoto thelathini mfululizo. Mmoja alikuwa ameacha karatasi tupu.

KALAMU: (anakohoa wino) Alitakiwa afafanue.

PROGRAMU: Mimi angalau sichoki. Halafu nikuibie siri: nyingi za leo zimeandikwa na binamu yangu.

KALAMU: Mashine imeandika, mashine imesahihisha. Aliyesoma shule ni nani?

PROGRAMU: Mimi na binamu. Ada wamelipa wazazi.

KALAMU: Mjukuu wangu, zuia hizo alama. Mhadhiri akiamka, mwachie insha tano tu azisome kwa macho yake.

PROGRAMU: Alishabonyeza kabla ya kulala, bibi. Alama zimekwenda.