Ulezi Umehamia Sebuleni

Kuna wenzetu wakishaamua kupika mbege nyumbani, kununua ulezi kwa kisado huwa aibu. Wanataka gunia zima, tena lumbesa, ileile inayokatazwa na Wakala wa Vipimo, kisha wanajisifu kwamba wameokoa hela. Hongera zao. Kazi huanza gunia likishatua sebuleni: ulezi uhifadhiwe wapi?

Ndoo ya rangi ya lita 20 ni bei poa, ila mbege yenye ladha ya ukuta bado haijapata wateja. Pipa la bluu linapendeza. Muuzaji akiulizwa lilibeba nini, hujibu, “Sabuni tu, dada,” huku akiangalia pembeni. Wenye nazo hununua mfuko wa tabaka tatu, unaoua fukusi na dumuzi kwa kuwanyima hewa, ingawa ulezi ni nafaka ambayo wadudu hao hawaipapatikii. Humo wanatia ulezi ambao haujakauka vizuri, wanakaza kamba, wanafuga ukungu.

Panya hana habari na tabaka.

Mwisho wa hesabu, akiba ya lumbesa imeshanunua pipa, mfuko na paka. Mbege wanakunywa kwa jirani, anayenunua kisado kila wiki.