Wazee, tuchapishieni madaraja

Kwa Baraza la Wazee wa Kanisa letu, Tunduma.

 

Nawaandikia kutoka benchi la mlangoni, ambako vumbi la malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hutubariki kabla ya mchungaji. Hongereni kwa sofa mpya za mbele. Yakobo, sura ya 2 ya waraka wake, alinung'unika kuwa mwenye pete ya dhahabu hupewa kiti kizuri na maskini huambiwa asimame pale, au akae chini. Kwetu hatuchagulishwi. Benchi likijaa, huambiwa tusimame tu.

Ombi langu ni moja: mtuandikie madaraja yetu. Reli ya TAZARA haijaona haya kufanya hivyo tangu 1976. Daraja la kwanza, la pili, la tatu, unalijua ukikata tiketi. Na wa daraja la tatu hufika Kapiri Mposhi saa ileile na aliyelala kitandani. Basi nasi tuchapishiwe daraja kwenye kadi ya zaka, ili muuza maandazi wa stendi asishangae mtoto wake akingojea ubatizo hadi Pasaka, wakati wa mwenye malori amebatizwa Jumatano, nyumbani, kwenye karamu.

Ingetusaidia hasa misibani. Mwezi uliopita tulizika wawili. Mwenye ghala la mahindi, tuliyemwona siku za mnada wa kanisa tu (jogoo mmoja alimnunua shilingi 300,000, sikatai), alisindikizwa na wachungaji watatu na kwaya mbili. Wa pili ni bibi aliyefagia kanisa letu miaka 14. Siku hiyo mchungaji alikuwa na safari ya Vwawa. Alikuja mzee wa zamu, akauliza pale kaburini, wajukuu wakisikia, kadi ya marehemu imelipwa hadi mwezi gani.

Hapa mpakani, tangu 2019 lori hukaguliwa mara moja kwa nchi zote mbili, katika kituo cha pamoja. Lakini bibi yetu tulimsimamisha juani, mjukuu akaifuata kadi kwa bodaboda.

Ilikosa miezi miwili, ile aliyolazwa hospitali. Tukachangishana palepale. Mmoja wetu alikuwa na kwacha tu. Mzee akazipokea, akazihesabu, kisha akauliza leo zinabadilishwaje.

Ni mimi,
muumini wa daraja la tatu.

Kadi yangu imelipwa hadi Juni. Nikichelewa kufa, naomba mnistahimili.